Dosari ya Stagefright kwenye Android: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dosari hii ilitangazwa mwaka 2015 na dawa yake ilipatikana mwaka huohuo. Bado tunaulizwa habari zake kwa sababu simu za enzi zile hazijatoka mikononi mwa watu. Zinauzwa kwa bei nafuu, zinarithiwa na watoto na wazazi, zinasajiliwa laini na kutumiwa kutuma pesa. Yaliyomo humu yanamhusu mwenye simu kama hiyo, fundi anayeiuza, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini tarehe ndogo iliyoandikwa kwenye Mipangilio ya simu ina uzito kuliko anavyodhani.

Stagefright ni kirusi?

Hapana. Stagefright ni jina la sehemu ya Android inayofungua video na muziki. Kwa mafundi wa programu inaitwa libstagefright, na imeandikwa kwa lugha ya C++. Kazi yake ni kusoma faili la MP4 au MP3, kujua urefu wake, picha ya jalada, maandishi ya chini na mengineyo, kisha kulicheza. Makosa yaliyokutwa ndani ya sehemu hiyo ndiyo yaliyobeba jina lake. Kirusi huletwa na mtu kwenye simu. Kosa hili lilikuwemo tangu simu ikiwa dukani.

Nani aligundua, na lini?

Joshua Drake, mtafiti wa kampuni ya usalama Zimperium. Aliipelekea Google taarifa ya kwanza Aprili 2015, tena pamoja na viraka (marekebisho madogo ya programu ya kuziba makosa) alivyoviandika mwenyewe, na Google ikavipokea ndani ya siku mbili. Umma ulijulishwa tarehe 27 Julai 2015, na Drake akaeleza undani wake mwanzoni mwa Agosti katika mikutano ya usalama wa kompyuta ya Black Hat na DEF CON huko Las Vegas. Makosa ya kundi la kwanza yalipewa namba saba za CVE, orodha ya kimataifa ya dosari zinazojulikana: CVE-2015-1538, 1539, 3824, 3826, 3827, 3828 na 3829.

Ni matoleo gani ya Android yaliyoguswa?

Kuanzia 2.2 hadi 5.1.1. Zimperium ilikadiria kuwa hizo ni asilimia 95 ya simu zote za Android za wakati ule, yaani kama simu milioni 950. Zilizokuwa na hali mbaya zaidi ni zile za chini ya 4.1, kwa sababu hazikuwa na ulinzi kamili wa kuchanganya anwani za kumbukumbu. Tutaueleza hapa chini.

Video inawezaje kuteka simu?

Faili la MP4 limegawanywa katika vipande. Kila kipande huanza kwa kutaja ukubwa wake na jina lake la herufi nne. Kipande cha tx3g hubeba maelezo ya maandishi yanayopita chini ya video, covr hubeba picha ya jalada, na stsc husaidia kujua sampuli za video zimekaa wapi. Programu inayosoma inaamini ukubwa uliotajwa, inatenga nafasi ya kumbukumbu kulingana nao, kisha inamimina data humo.

Chukua kosa la tx3g, CVE-2015-3824. Faili linaweza kuwa na zaidi ya kipande kimoja cha aina hii, na programu huviunganisha: inajumlisha ukubwa wa kilichokwisha kusomwa na ukubwa wa kipya, inatenga nafasi ya jumla hiyo, inanakili cha kwanza, kisha inaongeza cha pili. Kwenye simu ya biti 32, namba kubwa kuliko zote inayoweza kushikwa ni 4,294,967,295. Ukipita hapo inarudi mwanzo, kama mita ya kilomita ya gari iliyofika mwisho wa tarakimu zake. Mshambuliaji anaweka kipande cha kwanza chenye, tuseme, baiti 2,000. Kipande cha pili anakitangaza kuwa na baiti 4,294,965,312. Jumla halisi ni 4,294,967,312, lakini simu inaandika 16. Inatengwa nafasi ya baiti 16, kisha zinamiminwa baiti 2,000. Zinazobaki zinafurika na kufuta data ya jirani iliyomo kwenye kumbukumbu. Iwapo jirani huyo ameshika anwani ya msimbo unaofuata kutekelezwa, mshambuliaji anaandika anwani anayoitaka yeye, na simu inaitii.

Hakuna mahali katika mtiririko huo ambapo mwenye simu amebonyeza kitufe cha kucheza. Kusoma vipimo vya faili tu kunatosha, na simu huvisoma yenyewe ili ionyeshe kijipicha na urefu wa video.

Kwa nini MMS ndiyo iliyoogopwa zaidi?

Kwa sababu MMS, yaani ujumbe wa simu unaobeba picha au video, inahitaji kitu kimoja tu: namba yako. Programu ya ujumbe ilikuwa inapakua video yenyewe. Waliotumia Hangouts, programu ya mazungumzo ya Google, kupokea ujumbe walikuwa hatarini kuliko wote, maana Hangouts ilikuwa inaichakata video hata kabla ya simu kulia. Shambulio lingeweza kumalizika usiku umelala, ujumbe ukafutwa, na asubuhi usikute alama. Programu ya kawaida ya ujumbe ilikuwa na nafuu kidogo: ilibidi ufungue ujumbe, ingawa si lazima ucheze video.

Agosti 2015 Google ilibadilisha programu zake zote mbili zisichakate tena video zenyewe, na kampuni ya simu ya Ujerumani, Deutsche Telekom, ilisitisha kwa muda ufikishaji wa MMS wa moja kwa moja kwa wateja wake.

Mimi situmii MMS, natumia WhatsApp tu. Niko salama?

Kama simu haina kiraka, hapana. MMS ilikuwa njia mojawapo tu. Dosari imo kwenye mfumo wenyewe, kwa hiyo programu yoyote inayokabidhi video kwa mfumo inaifikisha pale pale: kivinjari, barua pepe, Bluetooth, faili lililopakuliwa.

WhatsApp kwa kawaida hupakua picha na hata video yenyewe, kulingana na mipangilio. Faili likishatua kwenye hifadhi, Android hulipitia ili liingie kwenye orodha ya matunzio, na kulipitia ndiko kulisoma. Memori kadi nayo ni hivyohivyo. Watu wengi hujaziwa nyimbo na muvi kwenye vibanda, kadi moja ikapita kwenye kompyuta iliyohudumia mamia ya wengine. Ukiichomeka, simu inaanza kuchambua kila faili lililomo bila kukuuliza.

Mshambuliaji akiingia anapata nini? Anaweza kuiba pesa zangu za simu?

Hapa watu wengi hutia chumvi, na wengine hupuuza. Kosa lenyewe linampa mshambuliaji uwezo wa mchakato uitwao mediaserver. Mchakato huo una ruhusa ya maikrofoni, kamera, intaneti na Bluetooth, kwa hiyo kusikiliza na kurekodi kunawezekana mara moja. Kwenye baadhi ya simu watengenezaji waliuongezea hata ruhusa za kundi la system, ambazo ni karibu na kushika simu nzima.

Hauna ruhusa ya moja kwa moja ya kusoma SMS zako wala kuona namba ya siri unayoandika kwenye menyu ya laini. Ili afike huko anahitaji dosari ya pili, ya kiini cha mfumo. Kwa bahati mbaya simu iliyokosa kiraka cha Stagefright mara nyingi imekosa na hivyo vingine. CVE-2014-3153, iliyotumiwa na programu ya Towelroot, na CVE-2015-3636, inayojulikana kama PingPong, zote zinampandisha mtu hadi root, yaani mamlaka kamili juu ya simu, na zote zinajulikana hadharani miaka mingi sasa. Akishakuwa root anasoma SMS, anaona kinachoonyeshwa kwenye kioo na kunasa kinachoandikwa. Wakati huo pesa haziko salama.

Je, kuna watu walioshambuliwa kweli?

Mwaka 2017 mkuu wa usalama wa Android wa wakati ule, Adrian Ludwig, alisema hadharani kuwa Google haikuwa na tukio lililothibitishwa la mtu kushambuliwa kwa njia hii. Tunaitaja kauli hiyo kwa sababu ni haki isemwe, na pia kwa sababu hutumiwa vibaya. Haithibitishi kwamba kushambulia hakuwezekani. Machi 2016 kampuni ya NorthBit ya Israeli ilionyesha shambulio ililoliita Metaphor: mtu anafungua ukurasa wa tovuti, video iliyotengenezwa maalumu inasomwa, na simu inatekwa. Ilifanya kazi kwenye Nexus 5, na kwa marekebisho kidogo kwenye LG G3, HTC One na Samsung Galaxy S5.

Nilisikia Android huchanganya anwani za kumbukumbu ili kuzuia haya. Haikusaidia?

Ulinzi huo unaitwa ASLR. Unafanya msimbo ukae mahali tofauti kila mchakato unapoanzishwa upya, ili mshambuliaji asijue aelekeze wapi. Ulisaidia, ila kidogo kuliko ilivyodaiwa. Kwenye simu za biti 32 za wakati ule, nasibu iliyokuwepo kwenye maktaba za mfumo ilikuwa ya biti 8 tu, yaani nafasi 256. Mark Brand wa kikosi cha Google Project Zero alionyesha Septemba 2015 kwamba kubahatisha tu kunatosha: mediaserver ikianguka hufufuliwa baada ya kama sekunde 5, na mtu anaweza kujaribu tena. Hayo ni majaribio 12 kwa dakika dhidi ya nafasi 256. Mtu aliyeacha ukurasa wa tovuti wazi kwa saa moja anakuwa ametoa zaidi ya majaribio 700.

Kwa nini kiraka cha kwanza kilishindwa?

Kilikuwa na mistari minne tu, na kilikosea aina ya namba. Kilikagua kama jumla itapita kikomo, lakini ukubwa wa kipande ulikuwa umehifadhiwa kwa biti 64 wakati kumbukumbu inatengwa kwa biti 32. MP4 inaruhusu ukubwa wa biti 64. Mshambuliaji akiweka namba ya biti 64 iliyo kubwa mno, hesabu ya ukaguzi yenyewe inazunguka na kusema mambo ni shwari, kisha nafasi inatengwa kwa kipimo kilichokatwa. Watafiti wa kampuni ya usalama Exodus Intelligence waliligundua hilo na kulitangaza katikati ya Agosti 2015. Likapewa namba CVE-2015-3864 na kuzibwa kwenye sasisho la Septemba.

Oktoba 2015 likaja kundi la pili, lililoitwa Stagefright 2.0: CVE-2015-6602, lililokuwemo tangu Android ya kwanza kabisa, na CVE-2015-3876. Haya yalitumia MP3 na MP4 zilizotengenezwa maalumu, na njia yake kuu ilikuwa kivinjari.

Kama Google ilikuwa na dawa tangu Aprili, kwa nini simu yangu haikuipata?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na lingestahili hasira zaidi ya lilizopata. Kuandika kiraka kulichukua siku. Kukifikisha kulichukua miezi, na kwa simu nyingi hakikufika kabisa.

Google huandika kiraka kwenye Android ya msingi. Mtengenezaji wa simu anakichukua, anakiingiza kwenye toleo lake alilokwisha kulibadilisha, anasubiri sehemu zinazotoka kwa mtengenezaji wa chipu kama Qualcomm au MediaTek, anajaribu kwenye kila modeli, na katika nchi nyingine anasubiri kampuni ya simu iidhinishe. Kila modeli ina gharama yake. Simu iliyouzwa kwa faida ndogo na kuacha kutengenezwa baada ya mwaka mmoja haina mtu wa kulipia kazi hiyo. Kwa hiyo waliokosa dawa ni walewale walionunua simu za bei ya chini, na sokoni kwetu hao ndio wengi.

Mwaka 2015 ulibadilisha jambo moja la maana. Tangu Agosti mwaka ule Google hutoa taarifa ya viraka kila mwezi, na Samsung na LG nazo ziliahidi kufuata. Tangu Android 6.0, tarehe ya kiraka imeandikwa wazi kwenye simu. Kabla ya hapo mnunuzi hakuwa na namna rahisi ya kujua.

Nitaangaliaje simu yangu?

1. Fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu. Kwenye baadhi ya simu ingia pia Maelezo ya programu au Toleo la Android.
2. Tafuta mstari unaotaja kiraka au sasisho la usalama. Utaona tarehe.
3. Ikiwa ni Novemba 2015 au baadaye, Stagefright zote tulizozitaja hapa zimezibwa.
4. Ikiwa mstari huo haupo kabisa na toleo ni 5.1.1 au chini yake, ichukulie simu kuwa haina kiraka.
5. Rudi kwenye sehemu ya Sasisho la programu, unganisha Wi-Fi, hakikisha chaji iko juu ya asilimia 50, kisha uangalie kama kuna sasisho. Rudia baada ya kusakinisha. Simu iliyokaa muda mrefu bila kusasishwa huweza kuhitaji kusasishwa mara kadhaa mfululizo.

Jihadhari na namba ya toleo iliyobandikwa kwa uongo. Kuna simu bandia zinazoandika Android mpya kwenye ukurasa wa Kuhusu simu huku ndani ni 4.4 au 5.1. Sakinisha programu ya kuonyesha maelezo ya maunzi kama CPU-Z kutoka Play Store, ulinganishe toleo na kiwango cha API, namba ya ndani inayoendana na kila toleo: 4.4 ni 19, 5.1 ni 22, 6.0 ni 23, 10 ni 29. Vikipingana, usiamini chochote kilichoandikwa kwenye simu hiyo.

Haipati sasisho tena, na sina pesa ya nyingine. Nifanye nini?

Punguza milango. Kwenye programu ya ujumbe, fungua mipangilio, ingia sehemu ya MMS, zima kupakua kiotomatiki. Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, kisha Hifadhi na data, na uondoe alama zote kwenye upakuaji wa kiotomatiki kwa data ya simu, kwa Wi-Fi na ukiwa nje ya nchi. Tumia kivinjari ambacho bado kinasasishwa kwa toleo lako la Android, kama kipo, badala ya kile cha zamani kilichokuja na simu. Kivinjari cha Firefox kilikuwa na dosari ya jamaa hii na kikaizibia ndani yake kuanzia toleo la 38. Zima Bluetooth usipoitumia. Usichomeke memori kadi iliyopita mikononi mwa wengi.

Kisha hamisha laini ya pesa. Simu ya vitufe isiyo na intaneti inatosha kabisa kwa menyu ya kutuma na kupokea pesa, na haigusiki na Stagefright. Ibaki kuwa ya pesa, na hiyo ya zamani iwe ya redio, picha na tochi. Kati ya ushauri wote tulioutoa hapa, huu ndio wenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Hatua hizi hazizibi dosari. WhatsApp yenyewe iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 mwanzoni mwa 2025. Ikikukataa, usikimbilie GB WhatsApp na ndugu zake: hapo unaongeza programu isiyojulikana mwenyewe juu ya mfumo wenye tundu.

Antivirus itanilinda?

Hapana. Programu ya kawaida haina ruhusa ya kuingilia mediaserver ikiwa kazini. Zimperium walitoa programu ya kupima kama simu ina dosari, na kupima ndiko kulikokuwa kazi yake.

Nikirudisha simu kwenye mipangilio ya kiwandani?

Unafuta data yako, unabaki na mfumo uleule wenye kosa lilelile.

Fundi akiiflashi je?

Inategemea anaweka nini. Akiweka ROM (faili la mfumo mzima wa simu) ileile ya kiwandani ya mwaka 2014, hakuna kilichobadilika. Mwulize tarehe ya kiraka kabla hajaanza. CyanogenMod iliziba Stagefright mapema, na mrithi wake LineageOS imezipa modeli kadhaa za zamani matoleo ya Android mapya zaidi. Modeli yako iwe kwenye orodha yao rasmi, kwa msimbo kamili wa modeli ulioandikwa chini ya betri au kwenye Kuhusu simu; herufi moja ya mwisho ikitofautiana chipu inaweza kuwa nyingine, na simu ikawa kopo. Kumbuka pia kuwa baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa programu yake ya kuwashia (bootloader).

Android za sasa zinajilindaje na makosa ya aina hii?

Android 7.0 ilimvunja mediaserver katika michakato kadhaa. Anayefumbua mafaili sasa hana kamera wala maikrofoni, na yule mwenye kamera hafumbui mafaili. Pia hesabu za namba ndani ya sehemu hiyo zinakaguliwa zikiwa zinaendeshwa: jumla ikizunguka, mchakato unakufa papo hapo. Android 8.0 ilitenga sehemu za mtengenezaji wa chipu na sehemu za Google ili kusasisha kuwe rahisi. Android 10 ikaenda mbali zaidi, ikaruhusu sehemu za kufumbua video zisasishwe na Google moja kwa moja, bila kumsubiri mtengenezaji. Ndiyo maana kwenye simu mpya utaona tarehe mbili: ya kiraka cha usalama na ya sasisho la mfumo wa Google Play. Angalia zote.

iPhone haina mambo haya?

Inayo. Septemba 2021 Apple ilitoa iOS 14.8 kuziba CVE-2021-30860, iliyogunduliwa na Citizen Lab, maabara ya utafiti ya Toronto. Faili la PDF lililojifanya GIF lilitumwa kwa iMessage na kuingiza programu ya ujasusi ya Pegasus bila mwathirika kugusa chochote. Asili yake ni ileile: namba kuzunguka wakati wa kusoma faili. Tofauti iko kwenye ufikishaji. Apple ilitoa kiraka na simu zote zilizokuwa zikipokea iOS 14 zikaweza kukipata siku hiyohiyo.

Nanunua simu ya mtumba. Nikague nini?

Kabla ya kioo na betri, omba uione tarehe ya kiraka, simu ikiwa imewashwa mkononi mwako. Ikiwa imepita zaidi ya mwaka mmoja, bonyeza kutafuta sasisho palepale kwa intaneti yako. Isipopata kitu, mtengenezaji huenda ameshaiacha. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, utafute modeli hiyo na muda wake wa masasisho. Tusingeshauri mtu anunue simu ya chini ya Android 10 kwa ajili ya kushika pesa, hata ikiwa na kamera nzuri na bei ya kuvutia. Na muuzaji akikataa usiunganishe intaneti kabla ya kulipa, irudishe mezani.